Homa ya mbuzi wa baba mkubwa

Watu wamekuwa wananiuliza mbona nimekonda, mbona ofisi ilifungwa siku nyingi, na wengine huko mtaani nasikia walishanizika kabisa kwa maneno, kwa hiyo leo nimekaa naandika yote mara moja ili nisirudie stori kila nikikutana na mtu pale Sabasaba. Mimi ni fundi aluminiamu, milango na madirisha, niko Nkuhungu hapa hapa Dodoma, na tangu serikali ihamie huku kazi hazijawahi kukosekana, ukiona nimefunga wiki nzima ujue kweli naumwa, sio uvivu.

Ilianza Januari. Baba mkubwa alianguka zizini akaumia nyonga, tukaenda kumuona kijijini huko Chamwino ndani ndani, na kwa kuwa hawezi kuinama nikabaki siku nne nisaidie mifugo. Mvua zimekolea, mbuzi wanazaa. Usiku wa pili, saa saba hivi, kuna mbuzi mweusi mwenye baka jeupe usoni akawa analia vibaya. Si mnajua nyumba zetu Wagogo, tembe na zizi ni kitu kimoja, mbuzi akipiga chafya wewe uliye kitandani unamwambia pole. Baba mkubwa akaniita kwa sauti ya kitandani: "Mwanangu, huyo amekwama. Ingia umvute."

Nikawasha tochi ya simu, nikaing'ata kwa meno, nikaingiza mkono hivi hivi. Hamna glovu, hamna hata mfuko wa rambo. Na kidole gumba kilikuwa na jeraha bichi, nilikatwa na ukingo wa fremu siku mbili kabla. Kitoto kikatoka kimekufa, manyoya hayajajaa, siku zake zilikuwa bado kabisa. Kondo la nyuma likachelewa, nalo nikalivuta, limekuwa nene, la kahawia, gumu kama ngozi ya kiatu iliyolowa. Nikalirusha nje mbwa wakagombania. Nikanawa na maji ya ndoo bila sabuni nikarudi kulala. Baba mkubwa akasema tu, "Huyo wa nne mwaka huu kutupa mimba." Nikamjibu pole baba, nikajigeuza upande wa pili.

Asubuhi mama mkubwa akanipa maziwa yametoka kwenye kiwele muda huo huo, yana povu, kikombe cha bati kimejaa mpaka juu. Nikamaliza nikaomba kingine. Hayo maziwa ndo yalinilea mimi, nani angeniambia niyaogope.

Wiki tatu baadaye niko site Ihumwa napima dirisha, kama saa kumi jioni, baridi ikanishika kwenye jua la Dodoma ambalo hata mjusi anakimbilia kivulini. Nikatetemeka mpaka futi kamba ikaanguka. Usiku homa, alafu jasho. Jasho lenyewe sio la kawaida jamani, shuka unaweza kulikamua, na lina harufu kama majani yaliyolundikwa mabichi yakaoza. Waifu akawa anabadilisha shuka mara mbili kwa usiku, asubuhi naamka niko fresh kabisa nasema imeisha. Jioni saa kumi inarudi kama mtu anayedai kodi.

Zahanati ya kwanza, kipimo cha malaria hamna kitu, lakini nikapewa mseto eti tuwe salama. Ya pili wakasema taifodi, wamepima Widal, alafu na UTI juu, si unajua Tanzania hii huwezi kutoka maabara bila UTI. Nikapewa sipro siku kumi. Nikapata nafuu! Ndo kitu kilichonidanganya sana hiki, kila dozi ilikuwa inanipa wiki mbili tatu za amani, uzito unaanza kurudi, nachukua kazi mpya na advansi za watu, alafu siku moja jioni meno yanaanza kugongana. Ya tatu wakasema taifodi sugu. Nikaanza kutembea nalo hilo jina, mtu akiniuliza unaumwa nini, nasema nina taifodi sugu, kama vile nimepewa cheo.

Aprili kiuno kikaingia. Maumivu yako chini kabisa pale mgongo unapokutana na makalio, upande wa kushoto, kuinua fremu ya futi nne kwa nne siwezi, kijana wangu wa kazi ndo anabeba mimi namwelekeza kama mzee wa kanisa. Wakasema ni kazi ngumu, nipumzike. Mjomba akaniletea mizizi. Mchungaji akaja nyumbani. Sina maneno mabaya kwa yeyote, walikuja kwa upendo, ila kiuno kilibaki pale pale.

Sasa hii inayofuata nilitaka kuiruka, ila nikisharuka mwanaume mwenzangu mmoja ataumia bure. Mwezi wa saba korodani moja ilivimba. Ikawa kama limao, ina moto, kutembea natembea kama nimetoka jandoni. Nilipomwambia waifu hakusema kitu, akakunja nguo pale kitandani taratibu taratibu, ndo akauliza, "Baba, wewe huko site unalalaga wapi mchana?" Mnaelewa. Na duka la dawa nilikokwenda kijana pale akaniangalia, akatabasamu, akafunga dawa za magonjwa ya zinaa bila hata kuniuliza jina. Siku zile nililala sebuleni, sio kwamba nimefukuzwa, ila mazingira yenyewe yalinishauri.

Aliyenisaidia ni daktari mdogo, yuko intani, binti anayeweza kuwa mdogo wangu wa mwisho. Nikamwagia makaratasi yangu yote mezani, vipimo vya miezi sita, akasoma moja moja. Alafu akaniuliza swali ambalo hakuna mtu alishawahi kuniuliza:

"Kaka, kwenu mnafuga?"

Nikasema mimi fundi aluminiamu dokta, nafuga nini Nkuhungu. Akasema sio wewe, kwenu. Nikamwambia baba mkubwa ana mbuzi. Wanatupa mimba? Nikakaa kimya. Ulimshika yeyote? Maziwa mnachemsha? Yaani ilikuwa kama anasoma usiku ule wa Januari kwenye simu yangu. Akachukua damu, na kwa kuwa maabara ilikuwa haina watu akaniruhusu nisimame dirishani nione. Tone la maji ya damu yangu, tone la dawa ya rangi ya pinki, wanaita Rozi Bengali, akachanganya kwenye kibao cheupe akawa anakitikisa polepole. Dakika nne tu. Ile pinki iliyokuwa laini ikaanza kukatika vipunje vipunje, kama maziwa yaliyoharibika kwenye chai. Akasema, "Ndo huyu. Brusela." Akachukua na damu nyingine ya kuotesha wadudu, akaandika kwa herufi kubwa kwenye fomu kwamba wanashuku brusela, maana huyu mdudu anaambukiza sana hata watu wa maabara wakimwotesha bila tahadhari.

Bruselosi. Bwana mifugo wao wanaita ugonjwa wa kutupa mimba, na nadhani hilo jina ndo linatupoteza, tunaona ni shida ya mbuzi na ng'ombe, haituhusu. Kumbe kwa mbuzi mjamzito mdudu anajazana kwenye kondo la nyuma, mabilioni, ndo maana lile nililolivuta lilikuwa nene vile. Anatoka kwenye majimaji ya uzazi, anatoka kwenye maziwa. Anaingia kwa mtu kupitia maziwa mabichi, mkwaruzo kwenye ngozi, macho, hata hewa ya zizini. Mimi nilimfungulia mlango wa mbele na wa nyuma kwa siku moja. Mtu kumwambukiza mtu ni nadra sana, na hili daktari alilirudia mara mbili mbele ya waifu, Mungu ambariki, kwa sababu pia alisema huyu mdudu anajulikana kabisa kuvimbisha korodani. Tukarudi nyumbani kimya kwenye bajaji. Tulipofika waifu akasema tu, "Leo nimepika mlenda." Nikajua kesi imefutwa.

Kilichonisumbua ni kwamba nilikunywa sipro, nikanywa na nyingine nyingi, mdudu gani huyu hafi? Nikamuuliza daktari siku ya kurudi, nikaenda kusoma na mimi, na nitaeleza nilivyoelewa kifundi fundi.

Mwilini kuna seli nyeupe, tuseme ndo mgambo. Kazi yao wakikuta mdudu wanammeza, wanamfungia kwenye kachumba ndani ya seli, alafu kachumba kanaunganishwa na kifuko chenye tindikali na vimeng'enya, mdudu anayeyushwa, mchezo umeisha. Brusela kwanza anaingia kimya kimya, ganda lake halipigishi kelele king'ora cha mwili kama wadudu wengine, ndo maana wiki za mwanzo huhisi kitu. Anakamatwa kama wengine. Ila akishaingia kwenye kachumba anazuia kile kifuko cha tindikali kisiungane, anakasogeza mpaka sehemu nyingine ya seli ambako kuna chakula na utulivu, na pale anaanza kuzaana. Yaani mwizi kakamatwa, kapelekwa selo, kabadilisha kitasa kageuza gesti. Na mgambo mwenyewe anazurura naye mwilini, anamfikisha kwenye ini, bandama, uboho wa mifupa, maungio, pingili za mgongo. Dawa nyingi zinasafisha barabarani tu, humo gesti haziingii vizuri. Unapata nafuu, wale wa ndani wanasubiri, siku wakitoka kundi jipya, saa kumi jioni unatetemeka. Ndo maana homa yake inapanda na kushuka kama mawimbi, na isipotibiwa inaweza kwenda miezi, hata miaka. Wachache inawafika kwenye moyo, kwenye vali, na hao ndo hasa wanaokufa.

Kwa hiyo dozi yake sio ya siku tano. Mimi nilipigwa sindano za jenta siku saba, pamoja na doksi mara mbili kwa siku, kawaida ni wiki 6 lakini kwa sababu kiuno kilishaingiliwa akanipa wiki 12. Dawa mbili kwa pamoja, kwa sababu moja peke yake ugonjwa unarudi kirahisi, na hata ukifuata vizuri kuna watu wachache unawarudia. Doksi ina masharti jamani, unywe na glasi nzima ya maji, usilale baada ya kumeza, jua linakuunguza vibaya (mwambie hivyo fundi wa madirisha wa Dodoma), na usichanganye na maziwa kwa sababu yanapunguza dawa kuingia mwilini. Nilicheka hapo. Maziwa hata kwenye matibabu bado yananitafuta.

Usiku nikikosa usingizi nikawa nasoma historia ya huyu mdudu. Kisiwa cha Malta, askari wa Uingereza walikuwa wanaugua homa isiyoisha, daktari wa jeshi David Bruce akampata mdudu mwaka 1887 kwenye bandama za waliokufa, na jina la brusela limetoka kwake. Ila walichukua karibu miaka 20 kujua anatoka wapi! Mwaka 1905 Themistocles Zammit, daktari mzawa wa pale pale, akapima mbuzi. Mbuzi wa Malta walikuwa wanatembezwa mitaani wanakamuliwa mlangoni kwako, kama vijana wetu wa baiskeli na madumu ila kule dumu lilikuwa linakuja na miguu yake. Na hao mbuzi walikuwa wanaonekana wazima kabisa, wanene, ngozi inang'aa. Askari walipokatazwa maziwa yale, homa ikashuka kwa kasi.

Aliyenigusa zaidi lakini ni Alice Evans, mama Mmarekani. Mwaka 1918 aliandika kwamba mdudu wa mbuzi wa Malta na yule anayetupisha ng'ombe mimba ni ndugu wa karibu, na kwamba maziwa mabichi ya ng'ombe yanaweza kuwaumiza watu. Wakubwa wakambeza, mwanamke, hana udaktari, atajua nini. Mwaka 1922 akaambukizwa yeye mwenyewe kwenye kazi yake ya maabara, homa ikawa inaenda na kurudi kwa miaka kama 20, na miaka ya mwanzo madaktari walimwambia ni mishipa ya fahamu tu imechoka, hana ugonjwa. Mtu ambaye ugonjwa wenyewe ndo anaujua kuliko wao! Nilipofika hapo nikaweka simu pembeni nikamkumbuka yule kijana wa duka la dawa na tabasamu lake.

Na msidhani ni mimi tu mwenye gundu. Huko Moshi watafiti walifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa na homa, mwaka 2007 na 2008. Waliodhaniwa wana malaria walikuwa 528. Waliokuwa nayo kweli ni 14. Kumi na nne! Na kwenye waliopimwa magonjwa ya bakteria yatokanayo na wanyama, karibu robo walikuwa nayo: homa ya mgunda inayokuja na mikojo ya wanyama, magonjwa ya kupe, brusela, na nyingine inaitwa homa ya Q. Hiyo ya Q ndo imenitoa jasho jingine. Mdudu wake naye anatoka kwenye uzazi wa mbuzi, kondoo na ng'ombe, ila anakaukia kwenye udongo anakaa miezi, upepo ukivuma unamvuta kwa pua, huhitaji hata kumgusa mnyama. Uholanzi, nchi yenye kila kitu, kati ya 2007 na 2010 watu zaidi ya 4,000 waliugua hiyo kutokana na mashamba ya mbuzi. Naye anaweza kujificha miaka akaibukia kwenye vali ya moyo, na hapo dawa ni mwaka mmoja na nusu au zaidi. Sasa fikiria upepo wa Dodoma mwezi wa saba na lile vumbi, alafu fikiria zizi. Sisemi mhame, nasema ukiwa na homa inayorudi rudi mwambie daktari kwenu kuna mifugo hata kama hajauliza.

Mwezi wa tisa nikarudi kijijini na boksi la glovu. Baba mkubwa akanisikiliza mpaka mwisho, akatema mate pembeni akasema, "Kama ni hiyo homa mimi ninayo toka enzi za Nyerere." Tukacheka, alafu nikaacha kucheka, kwa sababu ile nyonga ilikuwa inamuuma miaka mingi kabla hajaanguka, sote tulikuwa tunasema uzee. Tukambeba mjini. Pinki yake nayo ikakatika. Daktari akasema kwa mtu aliyeishi zizini maisha yote kipimo hicho peke yake hakitoshi, damu inaweza kuwa inakumbuka ugonjwa wa zamani, akampiga picha, akamwotesha damu, mdudu akapatikana. Mzee sasa naye ana doksi zake, anazimeza kwa kelele nyingi.

Kwenye mbuzi ndo hatujaelewana. Bwana mifugo alikuja akatoa damu, kati ya 11 watatu wanao, akiwemo yule mweusi mwenye baka, ambaye mwaka huu alibeba tena mimba akazaa salama kabisa, mapacha. Ndo ubaya wake, anatupa mimba mara moja alafu anaendelea kama kawaida huku maziwa yake bado yana mdudu. Bwana mifugo akasema dawa hakuna kwa mbuzi, ni kuwaondoa, na wadogo kuchanjwa chanjo ikipatikana. Baba mkubwa akasema, "Mwenye mapacha nimchinje? Wewe uliona wapi?" Nikampigia hesabu za bili zangu za miezi saba, ingenunua mbuzi wangapi pale mnada wa Msalato. Akasema atafikiria. Wawili ametoa, mweusi bado yupo. Kazi ya kuzalisha sasa anafanya binamu yangu na glovu mpaka kwenye kiwiko, kondo wanachimbia shimo refu na chokaa juu, mbwa wamekasirika.

Maziwa ilikuwa vita nyingine. Mama mkubwa alichemsha, akayaacha yagande kwenye kibuyu kama kawaida, yakaharibika, akasema mnaona, maziwa ya kuchemsha hayagandi. Na kuyagandisha mabichi sio suluhisho, uchachu peke yake haumuui huyu mdudu kwa uhakika. Waifu ndo akamwelekeza: chemsha mpaka yapande, acha yapoe yawe vuguvugu, tia vijiko viwili vya mtindi wa jana uliotoka kwenye maziwa yaliyochemshwa, funika. Jaribio la kwanza likawa majimaji. La pili, mama mkubwa mwenyewe alikaa kimya akaongeza bakuli.

Leo asubuhi kijana kaja na basi kutoka kijijini, kaniletea dumu la lita tatu, limefungwa kitenge, ujumbe wa mama mkubwa ni kwamba amechemsha mara mbili ili nisimsumbue. Liko hapa mezani. Nimelifungua nikanusa, ule moshi wa kibuyu umo, zito, linatoka kwa mabonge. Lakini nimebakiza doksi za siku tisa na ya asubuhi nimeimeza saa mbili na robo, sasa hivi ni saa tatu kasoro, na daktari alisema niache masaa mawili. Waifu kashachukua kikombe chake. Ananiangalia huku anakunywa.